Mtini au Tanipu: Mwongozo wa Kuchagua kwa Mwenye Shamba Dogo, Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Ukiwa na ploti ya hamsini kwa mia pembeni mwa Nanyuki, au robo eka uliyogawiwa na mzee kule Mathira, kila hatua ya udongo lazima uifikirie mara mbili. Kahawa na chai zimeshika mashamba makubwa, na soko la Karatina limejaa viazi, kabichi na sukuma wiki za kila mtu. Mwongozo huu unakuwekea mbele mimea miwili ambayo wachache hapa huipanda: mtini, ule unaozaa tini za kula, na tanipu, mboga ya mizizi iliyo ndugu wa kabichi.

Nimeiweka pamoja kwa sababu mahitaji yake yanapingana karibu kila mahali. Mmoja unataka joto na ukavu, mwingine unataka ubaridi na unyevu. Tanipu huingia jikoni baada ya wiki chache. Mtini hukungojesha miaka, kisha ukakaa shambani miongo. Ndiyo maana shamba linaloukataa mtini mara nyingi ndilo linaloipenda tanipu, na kosa kubwa la wakulima wetu ni kununua mche kwanza, halafu kuanza kuuliza kama utakubali. Soma shamba lako kwanza. Pesa zitoke mfukoni baadaye.

Shamba lako liko upande gani wa mlima?

Upepo wenye mvua hututoka Bahari ya Hindi, kusini-mashariki. Ukiugonga Mlima Kenya na Aberdare unapanda, unapoa na kumwaga maji. Kwa hiyo Meru, Chuka, Embu, Kerugoya na Mathira hupata mvua ya kutosha, huku nyuma ya mlima, yaani Kieni, Naro Moru, Nanyuki na nyanda za Laikipia, upepo ukifika umeshakauka. Watu wawili wenye mashamba yaliyotenganishwa na safari fupi ya matatu wanaweza kuishi katika hali ya hewa tofauti kabisa, na ushauri unaomfaa mmoja ukamfilisi mwenzake.

Fanya uchunguzi huu kabla ya jambo lolote:

1. Jua mwinuko wako. Simu nyingi zina programu ya kuonyesha mita juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo. Sagana iko karibu mita 1,200, mji wa Nyeri karibu 1,750, Nanyuki zaidi ya 1,900. Kati ya Sagana na Nanyuki, basi, kuna tofauti ya nyuzi nne hivi.
2. Angalia jua wakati wa gathano. Kati ya Juni na Agosti, je, ukungu huondoka saa tatu asubuhi, au hukaa hadi adhuhuri? Mtini unahitaji jua la moja kwa moja la saa 6 hadi 8 kwa siku. Usipolipata utakuwa na majani mazuri na tini ngumu zisizoiva.
3. Uliza kuhusu sakitu. Upande wa Kieni, Naro Moru na Timau, usiku wa anga wazi, hasa Januari na Februari, barafu nyembamba huweza kuunguza majani ya maharagwe na viazi. Majirani wanajua ni bonde gani hupatwa. Hewa baridi hutiririka chini kama maji, kwa hiyo sehemu ya bondeni huumia kuliko mteremko ulio juu yake.
4. Pima kama udongo unapitisha maji. Chimba shimo la futi mbili, lijaze maji, yaache yanywewe, kisha ulijaze tena. Ukikuta maji bado yapo kesho yake, usipande mtini hapo.
5. Peleka udongo ukapimwe. KALRO wana maabara Kabete, na afisa wa kilimo wa wadi atakuelekeza jinsi ya kuchukua sampuli. Udongo wetu mwekundu wa volkano una rutuba, lakini kwenye ukanda wa chai huwa na asidi nyingi mno kwa mimea yote miwili.

Ukishapata majibu, haya ndiyo maoni yangu kwa kila eneo.

Sagana, Makutano, Mwea na Embu ya chini ni nchi ya mtini. Ila jihadhari na udongo mweusi wa mashamba ya mpunga, kwa sababu unashika maji na kuozesha mizizi. Tafuta mahali palipoinuka penye udongo mwekundu au wa kichanga kidogo. Tanipu huko chini huwa kali na yenye nyuzi kwa sababu ya joto, isipokuwa uipande ili ikue katika miezi ya baridi.

Kerugoya, mji wa Embu, Chuka na mji wa Meru huweza kubeba mimea yote miwili ukipanga vizuri.

Karatina, mji wa Nyeri, Tetu na Othaya: panda tanipu kwa ajili ya kuuza, na mtini mmoja au miwili kwa ajili ya nyumbani, kwenye ukuta unaopigwa na jua. Sipendekezi bustani nzima ya mitini huku. Ukungu wa gathano na mvua ndefu ya njahi vitakula faida yako.

Kieni, Naro Moru, Nanyuki na Timau kuna jua na ukavu unaoupendeza mtini, lakini usiku ni wa baridi kali. Mtini utakua polepole na tini zitachelewa kuiva. Tanipu hufanya vizuri sana huku ikiwa una maji ya kumwagilia.

SANDUKU: Mimea miwili kwa ufupi

*Tanipu*
- Kuvuna: siku 45 hadi 70 tangu kupanda mbegu
- Joto linaloifaa: nyuzi 10 hadi 20
- Udongo: laini, usio na mawe, pH 6 hadi 7
- Maji: ya mara kwa mara, takriban lita 25 kwa mita ya mraba kila wiki
- Nafasi: sentimita 30 kati ya mistari, 10 hadi 15 kati ya mimea
- Kinacholiwa: mzizi na majani

*Mtini*
- Kuvuna: tini za kwanza mwaka wa pili au wa tatu
- Hali inayoufaa: jua kali, hewa kavu tini zinapoiva
- Udongo: wowote usiotuamisha maji, pH 6 hadi 7.5
- Maji: mengi ukiwa mchanga, ukishakomaa huvumilia kiangazi
- Nafasi: mita 4 hadi 6 kila upande, robo eka kwa mita 5 hubeba miti 40 hivi
- Kinacholiwa: tini mbichi, kavu au jamu

Kupanda tanipu

Elewa kwanza mmea huu unafanya nini. Tanipu huhifadhi chakula chake katika uvimbe ulio kati ya shina na mzizi. Ikikua haraka bila kusimama, uvimbe huo huwa mtamu na laini. Kiu, joto au msongamano ukiisimamisha, hata kwa wiki moja, huanza kutengeneza nyuzi na ukali. Kila hatua iliyo hapa chini ina lengo hilo moja: isisimame.

1. Chagua kitanda ambacho hakikuwa na kabichi, sukuma wiki, kolifulawa wala figili kwa misimu kadhaa. Hii ni familia moja na magonjwa yao ni yale yale. Baada ya maharagwe ni vizuri zaidi.
2. Lima hadi sentimita 20 au 25, ponda madongoa, toa mawe. Weka samadi iliyooza kabisa, ndoo moja hadi mbili kwa mita ya mraba. Samadi mbichi hufanya mizizi igawanyike.
3. Kama pH iko chini ya 6, weka chokaa ya shambani wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi ulichoandikiwa na maabara.
4. Panda mbegu moja kwa moja kitandani. Usianzishe kitaluni. Ukiihamisha, mzizi wake mkuu hupinda na uvimbe hauumbiki vizuri. Chora mistari yenye kina cha sentimita 1 hadi 1.5, mwaga mbegu nyembamba, funika, mwagilia kwa maji yanayotiririka polepole.
5. Zitachipuka baada ya siku 4 hadi 7. Zikifika urefu wa kidole, ng'oa za ziada hadi zibaki sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche. Ulizong'oa ni mboga. Zikaange na vitunguu.
6. Palilia kwa mkono au kijembe kidogo. Jembe kubwa hukata mabega ya tanipu.
7. Vuna zikiwa na upana wa sentimita 5 hadi 8. Usizingoje ziwe kubwa kama kabichi. Ikipita hapo huwa na uwazi ndani na ladha ya mti.

Kitanda cha mita 1 kwa mita 10 chenye mistari mitatu hubeba mimea 300 kwa nafasi ya sentimita 10. Kila moja ikifika gramu 150, hizo ni kilo 45, bila kuhesabu majani. Usipande vitanda vyote siku moja. Panda kimoja kila baada ya wiki mbili ili uwe na cha kuvuna mfululizo.

Kwa anayetegemea mvua, muda mzuri ni mwanzo wa njahi, kuanzia nusu ya pili ya Machi, na mwanzo wa mvua ya mwere, Oktoba. Zile zinazokua wakati wa gathano huchelewa kidogo, lakini ndizo tamu kuliko zote, kwa sababu ubaridi huzidisha sukari ndani ya mzizi. Tahadhari ni moja: sehemu za juu sana zenye baridi ya mfululizo chini ya nyuzi 10, tanipu huweza kutoa maua mapema na mzizi ukabaki mgumu. Huko panda mvua inapoanza, wala usipande baridi ikiwa katikati.

Kinachoharibu tanipu

*Uvimbe wa mizizi.* Mmea hunyauka mchana na kurudi jioni. Ukiung'oa, mizizi imevimba na kujikunja kama tangawizi. Ugonjwa huu hupenda udongo wenye asidi na unyevu, na vimelea vyake hukaa udongoni miaka mingi, hata 20. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayokuokoa. Ng'oa, choma, weka chokaa, na usirudishe familia ya kabichi hapo. Husafiri kwa matope ya viatu na majembe, kwa hiyo kama jirani anao, osha jembe kabla ya kuingia kwako.

*Fuko.* Kwa mazao ya mizizi, mnyama huyu ni hasara kuliko mdudu yeyote. Tazama vichuguu vipya vya udongo asubuhi, na mwite mtegaji mapema. Ukishaona mimea inazama chini yenyewe, fuko ameshakula nusu ya mstari.

*Vidukari na viwavi wadogo wa kijani.* Kagua chini ya majani mara mbili kwa wiki. Maji ya sabuni huwaondoa vidukari wakiwa wachache. Ukilazimika kununua dawa, hakikisha imesajiliwa na Bodi ya Udhibiti wa Bidhaa za Kuulia Wadudu (PCPB), na uheshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Majani haya unayala wewe na watoto.

*Moyo wa kahawia.* Ukiipasua tanipu ukakuta doa la maji au la kahawia katikati, udongo unakosa boroni. Usikisie kipimo, kwa sababu boroni ikizidi kidogo tu huua mmea. Ngoja karatasi ya maabara.

*Majani makubwa, mizizi midogo.* Hii si bahati mbaya. Ni CAN au yurea iliyozidi, au kivuli, au hukung'oa za ziada.

Kupanda mtini

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kosa la mtini huligundua baada ya miaka mitatu, na miaka mitatu ya shamba dogo ni mali.

Kosa la kwanza huanzia dukani. Mtu hununua tini kavu zilizotoka Uturuki, anaona mbegu ndani, anazisia. Huchipuka vizuri kabisa. Lakini tini nyingi za kukausha za Uturuki ni za aina inayohitaji kuchavushwa na kinyigu mdogo sana anayeishi ndani ya mtini dume, na kinyigu huyo hatunaye huku. Mikuyu na migumo yetu ina vinyigu wake, lakini kila aina ina mti wake na hawahamii kwa mtini. Matokeo ni mti mkubwa unaoangusha tini changa kila msimu. Nunua au omba kipandikizi cha aina inayozaa bila kuchavushwa. Majina ya kutafuta ni Brown Turkey, Black Mission, Kadota na Brunswick.

Kosa la pili ni kupokea mche kutoka kwenye gari linalouza njiani. Nenda kwenye kitalu kilichosajiliwa, ung'oe mche mmoja kutoka kwenye karatasi yake na uangalie mizizi. Ukiona vifundo vidogo kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, adui mkubwa wa mtini, na ukiupanda umeiingiza shambani daima. Kituo cha mafunzo ya kilimo cha Wambugu, hapo Nyeri mjini, ni mahali pazuri pa kuuliza kabla ya kununua. Na kama una ndugu ng'ambo anayetaka kukuletea kijiti kwenye begi, mwambie kwanza aombe kibali cha KEPHIS. Mmea usiokaguliwa huweza kuleta ugonjwa utakaoumiza kaunti nzima.

1. Kata vipandikizi kutoka tawi la mwaka uliopita, unene wa penseli au zaidi kidogo, urefu wa sentimita 20 hadi 30. Viache kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha uvichomeke kwenye udongo mwepesi wenye mchanga, theluthi mbili zikiwa chini. Mwagilia kwa kiasi. Maji mengi huozesha.
2. Chimba shimo la futi mbili kwa futi mbili wakati wa kiangazi. Changanya udongo wa juu na madebe mawili ya mboji au samadi iliyooza. Mboji nyingi hupunguza makali ya minyoo fundo. Usipande mahali palipokuwa na nyanya msimu uliopita, kwa kuwa nyanya huizalisha minyoo hiyo.
3. Panda mvua inapoanza, mche ukiingia kidogo zaidi ya ulivyokuwa kitaluni. Kaa mita 5 au zaidi kutoka kwa msingi wa nyumba, tangi la maji na shimo la choo. Mizizi ya mtini hutafuta maji na haijali imepita wapi. Ukiupanda kwenye ukuta kwa ajili ya joto, chagua ukuta wa boma au wa mawe usiobeba nyumba, au uupande ndani ya pipa lililotobolewa chini.
4. Mwaka wa kwanza, mwagilia kila wiki na uweke matandazo ya nyasi kavu, yasiguse shina.
5. Kata kilele ukiwa na urefu wa kiuno. Acha matawi matatu au manne yaliyosambaa kama bakuli, ili jua liingie katikati. Mti mfupi ni rahisi kuufunika kwa wavu.
6. Panga msimu kwa mkasi. Huku kwetu hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mtini, kwa hiyo huweza kuzaa kidogo kidogo mwaka mzima, tini nyingine zikiiva katikati ya mvua na kupasuka. Tini huzaliwa kwenye matawi mapya, na tangu kukata hadi kuiva ni miezi mitano hivi. Ukikata mwishoni mwa Agosti, matawi mapya yatakua kwa mvua ya mwere na tini zitaiva Januari na Februari, kukiwa kukavu. Sehemu za juu ongeza wiki kadhaa.
7. Punguza maji tini zinapoanza kulainika. Maji ya ghafla huzipasua, na zikipasuka huchacha na sisimizi huingia.

ONYO: Utomvu

Utomvu mweupe wa mtini ukigusa ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, huweza kuleta malengelenge na alama nyeusi zinazokaa wiki nyingi. Vaa glavu na mikono mirefu unapokata matawi, fanya kazi hiyo jioni, nawa kwa sabuni, na usiwaache watoto wachezee matawi yaliyokatwa.

Kati ya magonjwa, utakaouona mara nyingi ni kutu ya majani: madoa ya rangi ya kutu upande wa chini, kisha majani yanaanguka kabla ya tini kuiva. Huja na unyevu. Okota majani yaliyoanguka na uyachome, fungua katikati ya mti hewa ipite, na mwagilia chini badala ya juu. Ndege na popo hujua tini imeiva kabla yako, kwa hiyo nunua wavu mapema.

Tini haiendelei kuwa tamu baada ya kuchumwa. Ichume shingo ikiwa imelegea na tunda limeinama, likiwa laini ukiligusa. Ukiona tone la asali kwenye tundu la chini, hiyo ndiyo siku yake.

Usiuchanganye na mugumo

Nyeri ina mitini yake ya asili, na wajibu wa mkulima kwa miti hiyo ni tofauti. Mugumo ni mti wa ibada kwa Wakikuyu, na wazee hawakuruhusu ukatwe. Hoteli ya Treetops ya kwanza, ile ya mwaka 1932 kule Aberdare, ilijengwa juu ya mti wa jamii hii. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kijito, na jinsi alivyorudi baadaye akakuta mti umekatwa kupisha chai, na kijito kimekauka. Mizizi ya mugumo hushuka kina kirefu na kufungulia maji njia.

Kwa hiyo kama una mugumo au mkuyu kando ya mto, uache. Mtini wa kula hauwezi kuchukua nafasi yake katika kushika ukingo na chemchemi. Ukitaka kuongeza mugumo, kata gogo la tawi lenye urefu wa mita 2, lichomeke ardhini mvua ikianza, nalo huota. Liweke mbali na nyumba, kwa kuwa mizizi yake ina nguvu kuliko ya mtini mara nyingi.

Jikoni na zizini

Majani ya tanipu yapike kama sukuma wiki. Yana ukali kidogo unaopungua ukiyachemsha dakika mbili kwanza. Yanafaa pia kutia rangi mukimo pale majani ya malenge yanapokosekana. Mzizi umenye, ukate vipande, uutie kwenye mchuzi wa nyama au githeri dakika 15 za mwisho. Ukiutia mapema mno huvurugika. Una wanga kidogo kuliko kiazi, hivyo humfaa anayepunguza uzito. Majani yana vitamini K kwa wingi, kwa hiyo anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiongeze ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Tanipu zilizopasuka au zilizozeeka ni chakula kizuri cha ng'ombe. Zikate vipande ili asikabwe, mzoeshe kidogo kidogo, na umpe baada ya kukamua, kamwe si kabla. Harufu yake huingia kwenye maziwa, na maziwa yenye harufu hurudishwa.

Tini mbichi hukaa siku mbili au tatu tu nje ya friji. Zinazobaki zikaushe au uzitengeneze jamu. Kwa jamu, tumia kilo moja ya tini, nusu kilo ya sukari na maji ya malimau mawili. Limau hilo si la ladha tu: tini zina asidi kidogo, na bila kuongeza asidi, jamu iliyofungwa chupani si salama kukaa muda mrefu. Kwa kukausha, zipasue mara mbili, uzitandaze kwenye wavu ulioinuliwa, ufunike dhidi ya nzi, na uzigeuze kila siku hadi ziwe kama ngozi na zisitoe maji ukizibana. Karatina ilishawahi kuwa na kiwanda cha kukausha mboga, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa ajili ya chakula cha wanajeshi. Kazi hii si ngeni kwetu. Ila usijaribu kukausha kwa jua la gathano. Zitaota ukungu. Mwenye kisukari akumbuke kwamba karibu nusu ya uzito wa tini kavu ni sukari.

Kabla ya kuuza

Tanipu haina mnunuzi kila kona. Mama mboga wa Karatina anaweza asiichukue kabisa, kwa sababu wateja wake hawaijui. Tafuta mnunuzi kabla ya kupanda: hoteli za Nanyuki na Nyeri, maduka makubwa, na soko la City Park pale Parklands, Nairobi, ambako familia zenye asili ya Kihindi huinunua kwa jina la shalgam. Uliza wanataka ukubwa gani, na kama wanataka na majani au bila.

Tini huumia kwa kuguswa. Zipange kwenye trei za mayai, tundu moja tini moja, zisafirishwe asubuhi. Kwa gunia au kiondo hazitafika hata Karatina.

Mimea yote miwili katika shamba moja

Miaka miwili ya kwanza mitini ni midogo na nafasi kati yake iko wazi. Panda tanipu humo, ukiacha duara la mita moja kuzunguka kila mtini. Kitanda kitalipia maji ya mti. Mwaka wa tatu kivuli na mizizi vikianza kukutana, hamisha tanipu. Wala usiweke nyanya kati ya mitini, hata soko likiwa zuri.

Orodha ya kukagua kabla ya kutoa pesa

☐ Najua mwinuko wa shamba langu na saa za jua wakati wa gathano
☐ Nimejaribu shimo la maji
☐ Nina karatasi ya kipimo cha udongo
☐ Kitanda cha tanipu hakikuwa na kabichi wala sukuma wiki
☐ Mche wa mtini ni wa aina isiyohitaji kuchavushwa, na nimeona mizizi yake
☐ Mahali pa mtini pako mita 5 kutoka nyumba, tangi na choo
☐ Nina glavu na wavu
☐ Nimezungumza na mnunuzi mmoja angalau

Kama visanduku viwili au vitatu bado viko wazi, anza msimu huu na kitanda kimoja tu cha tanipu, na uchomeke kipandikizi kimoja cha mtini kwenye mkebe mkubwa uliotobolewa. Usogeze mkebe huo pembe hadi pembe ya kiwanja mwaka mzima, na mahali ambapo mtini utaonekana kuchangamka wakati wa gathano, chimba shimo hapo.